Fungua Mafaili Hayo Kabla Hayajagoma Kufunguka

Mwalimu wa kwaya, usiiuze ile kompyuta kuukuu iliyo kwenye kona ya chumba cha mazoezi. Usimpe fundi wa Kariakoo akaing'oe vipuri. Usiifomati. Hata kama inachukua robo saa kuwaka, hata kama kibodi yake imefutika herufi, ndani yake huenda kuna nyimbo ambazo hazipo mahali pengine popote, na hiyo ndiyo mashine pekee iliyobaki inayoweza kuzifungua.

Hatutishani. Tarehe 26 Agosti 2024 kampuni ya MakeMusic ya Marekani ilitangaza kwamba haitaiendeleza tena Finale, programu ya kuandikia nota iliyoingia sokoni mwaka 1988. Mtunzi aliyeandika nyimbo zake humo miaka ya 2000 ana mafaili yanayoishia na .mus, na inayoyasoma kwa ukamilifu ni Finale yenyewe. Programu ikishaachwa na wenyewe, inabaki kutegemea kompyuta zilezile za zamani. Siku kompyuta hizo zikizima moja kwa moja, wimbo umefungiwa ndani na ufunguo umetupwa.

Shuka kituo cha Posta ya Zamani, Dar es Salaam, utazame. Kanisa la Kilutheri la Azania Front pale, na hatua chache tu Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, ambalo ujenzi wake ulianza 1897 ukakamilika 1902. Kuta hizo zimepita miaka 120 kwa sababu kila kizazi kilizikarabati. Nyimbo zinazoimbwa ndani yake zinastahili uangalizi uleule, tena kwa haraka zaidi, maana wimbo uliochapwa kwenye kompyuta mwaka 2005 unaweza kupotea kabla mtunzi wake hajastaafu.

Kumbukeni tulikotoka. Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifungua mlango wa ibada kwa lugha za watu. Mwaka huohuo Padri Stephen Mbunga, Mtanzania, alichapisha kitabu kilichoonyesha nafasi ya muziki wa Kibantu ndani ya sheria za Kanisa. Baada ya hapo watunzi walijitokeza kila jimbo. Waliandika kwa mkono, wakachapa kwa stenseli, wakatoa fotokopi hadi karatasi zikapauka. Kwa upande wa Walutheri, Howard Olson aliyefundisha chuo cha theolojia cha Makumira alizikusanya nyimbo za Watanzania na kuziandika nota. Ndiyo maana wimbo "Mfurahini, Haleluya", wenye maneno ya Bernard Kyamanywa, leo umo katika vitabu vya nyimbo vya makanisa ya Marekani. Umefika huko kwa sababu mtu aliuweka katika maandishi ambayo mgeni anaweza kuyasoma. Wimbo wa kwaya yako nao una haki ya safari hiyo!

Basi tufanye kazi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, kwa hiyo anza na daftari. Andika jina la wimbo, mtunzi, mwaka, programu iliyotumika na mahali faili lilipo. Kisha nakili kila kitu kwenye diski nyingine kabla hujagusa chochote.

Ukichomeka flashi ukakuta mafolda yamegeuka njia za mkato, usikate tamaa wala usiifomati. Mara nyingi ni kirusi kimeyaficha tu, na mafaili bado yamo. Kama mtu ameyafuta, acha kuhifadhi kitu kingine chochote kwenye flashi hiyo, uitafute PhotoRec, programu ya bure inayochimbua vilivyofutwa. Kinachoua mafaili kabisa ni kuandika vipya juu yake.

Sasa ubadilishaji wenyewe. Lengo ni MusicXML, mfumo ulioanzishwa na Michael Good, toleo lake la kwanza likatoka 2004. Nguvu yake ni kwamba nota zinaandikwa kama maandishi ya kawaida, hazifichwi katika siri ya kampuni moja. MuseScore, programu ya nota ya bure, inausoma; Sibelius na Dorico pia. Ukiwa na Finale inayofanya kazi, unaweza kubadilisha folda nzima kwa mkupuo mmoja. Sibelius nayo inatoa MusicXML tangu toleo la 7. Kila wimbo utolee pia PDF, uwe na picha ya kulinganishia.

Usiridhike na MIDI kama kuna njia nyingine. MIDI inajua kitufe gani cha kinanda kimebonyezwa na kwa muda gani, basi. Kitufe namba 68 kwake ni namba tu. Hakikwambii kama mtunzi aliandika G iliyopandishwa nusu sauti au A iliyoshushwa. Na kama faili limegoma kabisa lakini karatasi ipo, iskani vizuri uipe Audiveris, nayo ni ya bure, ikusomee nota. Itakosea, nawe utasahihisha. Kusahihisha wimbo ni kazi ndogo kuliko kuusahau.

Ukimaliza, wape wanakwaya waimbe. Sauti zote nne, kiitikio na mashairi yote. Hapo ndipo utaona neno lililohama chini ya nota yake, alama ya kurudia iliyopotea, besi iliyoruka mstari. Rekebisha, halafu hifadhi mahali patatu: kompyuta ya parokia au usharika, diski ya nje, na hifadhi ya mtandaoni. Jina la mtunzi liwe juu ya kila ukurasa, na usisambaze kazi yake bila ridhaa yake.

Utasema huna utaalamu. Kwayani kwako kuna kijana anayeshinda kwenye stationari ya Mnazi Mmoja akichapa barua za watu. Kazi hii ataiweza. Mkalishe pamoja na mzee anayezikumbuka nyimbo zote kwa kichwa, mmoja ashike laptopu, mwingine asikilize. Na kama mtunzi yu hai, mpigie simu leo umuulize nota ile yenye utata. Jibu hilo halimo kwenye programu yoyote.

Jumamosi hii, fika saa moja kabla ya mazoezi. Washa kompyuta ile. Chagua nyimbo ambazo kwaya yako isingependa kuzikosa hata Krismasi moja, uzibadilishe hizo kwanza, na wiki inayofuata uongeze nyingine. Watunzi walishamaliza sehemu yao. Hii iliyobaki ni yako, na mashine ya kuifanyia bado inawaka.