Tafakuri ya Mfungo wa 18: Simu Mpya na Deni la Zamani



Ndugu zangu, Alhamdulillah, tumefika mfungo wa 18 wa Ramadhani hii ya mwaka 1446. Kumi la maghfira ndiyo linaisha hivyo. Leo tuzungumze kuhusu kitu ambacho kipo mkononi mwako sasa hivi, maana ndicho unachosomea ujumbe huu.

Kijana wetu mmoja ameniandikia. Anatumia Samsung Galaxy A54, simu iliyotoka mwaka 2023. Mwanzoni mwa mwezi huu wa Machi 2025 imetangazwa Galaxy A56, na sikukuu nayo inakaribia. Akiba anayo. Anauliza: "Ustadhi, nibadilishe? Itakuwa israfu?" Halafu mwishoni kabisa, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, akaandika: "Kaka yangu ananidai kidogo, ila yeye hana haraka." Ameniruhusu nimjibu hapa bila kumtaja, kwa sababu swali lake ni la wengi.

Tuanze na simu yenyewe. Dini yetu haikatazi kitu kizuri. Katika Surat Al-Furqan, aya ya 67, Mwenyezi Mungu anawasifu waja wake ambao wakitoa mali zao hawapiti kiasi wala hawafanyi ubahili, bali huwa katikati ya hayo mawili. Sasa hiyo katikati huipati kwa kutamani, unaipata kwa kupiga hesabu. Kwa hiyo usiulize, "Simu mpya ni nzuri?" Nzuri ndiyo, nani kakataa? Uliza hivi: "Hii yangu imeshindwa kufanya nini?"

Hebu tuziweke kwenye mizani. Betri zote mbili ni 5,000 mAh. Kamera kuu zote ni megapikseli 50. Mpya inachaji haraka zaidi, wati 45 dhidi ya 25, ina nguvu zaidi ya kuendesha programu, na kioo chake kinaonekana vizuri zaidi juani. Hayo ni ya kweli, tusimdhulumu muuzaji. Lakini ile ya zamani ina sehemu ya kuweka memori kadi, mpya haina. Wewe mwenye darsa zako zote kwenye memori kadi, hilo ulijue kabla hujatoa pesa.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hatuliangalii: zile apdeti za usalama. A54 iliahidiwa apdeti hizo kwa miaka 5, yaani mpaka mwaka 2028. A56 imeahidiwa miaka 6, mpaka 2031. Simu iliyoacha kupata apdeti ni kama nyumba yenye komeo bovu, na humo ndani ndimo unamotunza pesa zako na siri za familia yako. Mwenye simu iliyokwisha muda wake ana sababu ya maana ya kubadilisha. Kijana wetu bado ana kama miaka mitatu.

Na wapo ambao kununua kwao si israfu hata kidogo. Dereva wa bodaboda anayepata abiria kupitia simu, na simu inazima saa nane mchana. Binti anayeuza nguo kwa picha, na kamera yake imekufa. Huyo simu kwake ni jembe. Aanze kwa fundi, pengine betri mpya inatosha. Isipotosha, anunue kwa nia ya kutafuta halali, na insha'Allah ana ujira wake.

Sasa turudi kwenye ile sentensi ya mwisho. "Kaka yangu ananidai kidogo, ila yeye hana haraka."

Mwanangu, hana haraka, au anaona haya kukudai? Kuna tofauti kubwa. Ndugu wengi wananyamaza si kwa sababu hawana shida. Wananyamaza kwa sababu wanaogopa kuvunja udugu. Huenda huyo kaka ana karo ya shule. Huenda anahesabu siku za kuamkia Idi na watoto hawajapata nguo. Na wewe siku ya Idi utakwenda kumpa mkono na simu mpya mfukoni. Ataiona. Hatasema kitu. Atakukaribisha pilau.

Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba mwenye uwezo akichelewesha kulipa deni, huo ni udhalimu. Angalia vizuri, hapa hatumzungumzii asiyekuwa nacho. Asiyenacho, Qur'ani imetuamrisha tumpe muda mpaka apate wepesi. Tunamzungumzia anayenacho. Na pesa ya kununua simu ikishakuwepo, basi unacho. Huwezi kuwa na uwezo dukani, kisha ukawa huna uwezo mbele ya kaka yako.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Mpigie kaka yako kabla ya futari ya leo. Usimuulize "Una haraka?" maana atasema hana. Mwambie, "Pesa yako ipo, nakutumia sasa hivi." Akikusamehe au akikuongezea muda kwa hiari yake baada ya hapo, hiyo ni sadaka yake kwako. Lakini iwe ni yeye aliyeamua, si wewe uliyemwamulia.

Na kwa wale wanaofikiria kuchukua simu ya kulipa kidogo kidogo kila siku, sikilizeni. Wanazuoni wengi wanaruhusu kitu kuuzwa kwa mkopo kwa bei kubwa kuliko ya taslimu, ilimradi bei moja ikubaliwe kabla hamjaachana na isiongezeke tena. Tatizo ni pale penye faini ya kuchelewa inayoongeza deni. Hapo riba imeingia. Basi kabla ya kuweka sahihi muulize muuzaji: "Jumla yote ni shilingi ngapi? Nikichelewa siku tatu, deni linapanda?" Akisema linapanda, rudisha simu mezani, sema ahsante, ondoka. Bora kitochi cha halali.

Mwisho, tuutazame moyo. Surat At-Takathur inatuonya juu ya kushindana kwa wingi mpaka tunaingia makaburini. Siku hizi ushindani huo unatoka kila mwaka na jina jipya: 54, 55, 56. Mwakani itakuja nyingine. Ukiifukuza hutaifikia. Mtume (s.a.w.) alituelekeza katika mambo ya dunia tumtazame aliye chini yetu, ndipo tutaacha kuidharau neema tuliyonayo. Na simu uliyonayo leo, ndugu yangu, kuna mtu anaiombea dua aipate.

ZOEZI LA LEO: Fungua sehemu ya ujumbe kwenye simu yako. Tafuta jina la mtu anayekudai ambaye amenyamaza. Ukiwa nacho, lipa hata nusu. Ukiwa huna, mwandikie umwambie hujasahau, na umpe siku. Usiyaache haya yaingie kwenye kumi la mwisho.

Ewe Mola wetu, tunajikinga Kwako kutokana na mzigo wa deni. Tutosheleze kwa halali Yako, tuepushe na haramu. Watie wepesi wanaodaiwa, na walipe kheri waliosubiri kimya. Tukubalie funga zetu na visimamo vyetu. Aamiin.

Tukutane tarawehe, insha'Allah. Mtumie na mwenzako.