Idadi Ile Ile, Samaki Wengine

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tumeisikia tangu shule ya msingi, tukaitungia insha, tukapewa alama zetu tukaenda nyumbani. Lakini hebu, ndugu msomaji, tuigeuze tuone upande wake wa pili. Je, mali yenye daftari haiwezi kupotea bila habari? Mimi nasema inaweza. Tena inaweza kupotea mbele ya macho ya mwenye kalamu, huku daftari likionyesha kwamba kila kitu kipo, salama salimini. Mali ninayoizungumzia ni bahari.

Nisije nikaulizwa mimi ni nani hata niseme, naomba nieleze. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakanibakiza nyumbani, na katika kuhangaika huku na kule nikapata kibarua cha kuandika takwimu za samaki katika diko moja la mkoa wa Tanga. Usiku naandika riwaya ambayo bado haijajua itaishia wapi. Asubuhi naandika samaki. Vyombo vikifika unauliza: wavuvi wangapi? Mmetumia mshipi, dema au jarife? Mmekaa baharini saa ngapi? Kisha unapima kilo na kuandika aina. Fomu zinapanda gari kwenda mjini, na huko kuna watu ambao kazi yao si kuvua wala kupiga mbizi, bali kuzikalia hizo namba. Ni wanasayansi wa hesabu, wanaotaka kujua aina za viumbe wa baharini zinabadilikaje mwaka hadi mwaka. Mmoja wao, dada tuliyezoea kumwita Dokta, alikuwa akija dikoni kila baada ya miezi michache na kompyuta yake begani. Mengi ninayoyasema hapa yalianzia katika maongezi yetu chini ya mkungu.

Watu wengi hudhani kuhesabu ni jambo lisilo na dhamiri. Moja ni moja, mbili ni mbili, ukweli umekwisha. Sivyo. Chukua mfano wa kusi na kaskazi. Wakati wa kaskazi bahari imetulia, ngalawa thelathini zinatoka, mimi naandika aina arobaini za samaki. Kusi ikivuma zinatoka tano tu, naandika aina kumi na nane. Je, samaki wamepungua? Hapana, waliotafuta ndio waliopungua. Kwa hiyo mtu wa hesabu kabla hajalinganisha miaka miwili hujiuliza kwanza kama jitihada zilikuwa sawa. Asipojiuliza hilo atatangaza msiba usiokuwapo, au ataficha msiba uliopo. Hapo tayari tumeingia katika maadili, ingawa bado tuko kwenye hesabu.

Kuna jambo jingine Dokta alinionyesha ambalo lilininyima usingizi. Mwaka 1953 mwanahisabati Mwingereza I. J. Good alichapisha njia ya kukadiria vitu ambavyo hujaviona. Wazo lilikuwa la Alan Turing, ambaye alifanya naye kazi ya kufumbua maandishi ya siri ya Wajerumani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Ni hivi: tuseme umeandika samaki 100, na kati yao kuna aina 5 ambazo kila moja umeiona mara moja tu. Basi uwezekano kwamba samaki wa 101 atakuwa wa aina usiyowahi kuiona ni karibu 5 katika 100. Yaani wale waliojitokeza mara moja, wanyonge wa daftari, ndio wanaokuambia wangapi bado wamejificha. Ukiwadharau kwa kuwa ni wachache, umejifungia dirisha.

Watu wa Tanga hatuhitaji kufundishwa sana kuhusu waliojificha. Yuko samaki ambaye wataalamu walimjua kwa mabaki yake katika mawe tu, wakaamini ametoweka pamoja na madinosauri, miaka kama milioni 66 iliyopita. Mwaka 1938 akavuliwa Afrika Kusini, na mtunza makumbusho Marjorie Courtenay-Latimer akamtambua kuwa si samaki wa kawaida. Mwingine alipatikana Komoro mwaka 1952, na huko wavuvi walikuwa na jina lake siku zote: gombessa. Kwetu Tanzania alianza kuandikwa mwaka 2003. Baadaye majarife ya vilindini ya Tanga yakatoa wengi, na mwaka 2009 ikaanzishwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Kwa miaka yote ile kilichokosekana ni habari zake katika daftari la wakubwa.

Sasa tufike kwenye kiini. Mwaka 2014 Maria Dornelas wa Chuo Kikuu cha St Andrews, Uskochi, na wenzake walichapisha utafiti katika jarida la Science. Walikusanya kumbukumbu 100 za muda mrefu, za baharini na za nchi kavu, zenye aina zaidi ya 35,000 za viumbe. Walitegemea kuona idadi ya aina ikishuka kila mahali. Haikushuka hivyo. Mahali pengine ilipanda, pengine ilishuka, na ukijumlisha ilikaa karibu pale pale. Lakini walipotazama ni nani hasa waliomo, wakakuta mabadiliko makubwa: kwa wastani, kila baada ya miaka kumi, karibu aina moja katika kila kumi ilikuwa imebadilishana nafasi na nyingine. Ukumbi umejaa vile vile, ila waliokaa si wale wa jana.

Nilimsimulia rafiki yangu mmoja habari hii. Akacheka. "Sasa bwana wee, kama idadi ni ile ile, kelele zote za nini? Ametoka huyu, kaingia yule. Bahari ndivyo ilivyo."

Hoja yake si ya kupuuzwa. Bahari haijawahi kusimama. Hata mgeni anaweza kuwa kitoweo. Anayelilia kila badiliko atalia mpaka akauke. Nilikaa na swali hilo siku kadhaa, nikaona nilijibu kwa mfano wa vijiji.

Fikiria vijiji vitatu, kila kimoja kina ngoma tatu ambazo hazipo kwingine. Jumla ngoma tisa. Wanakuja watu na redio zao, na baada ya miaka ishirini kila kijiji kinacheza muziki wa aina tatu, lakini ni ile ile mitatu katika vijiji vyote. Mhesabuji akienda kijiji cha kwanza ataandika tatu, cha pili tatu, cha tatu tatu. Hakuna kilichopungua! Kumbe dunia imetoka tisa ikabaki na tatu. Hivyo basi inawezekana kila diko likawa na daftari safi na bahari nzima ikawa inafukarika. Namba haikusema uongo. Iliulizwa swali dogo ikatoa jibu dogo.

Tena mgeni hafanyi kazi ya aliyeondoka. Katika miamba ya pwani ya Kenya, Tim McClanahan na wenzake wamekuwa wakihesabu tangu miaka ya 1980. Walionyesha kwamba kikande akivuliwa sana, wale wanyama wa mviringo wenye miiba, wanaotuchoma miguu tukitembea mwambani, huongezeka mno, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akiwala. Wakiongezeka hukwangua mwamba wenyewe. Kwa hesabu ya vichwa unaweza kusema uhai umeongezeka. Kwa mwamba, amepoteza mlinzi akapata mbomoaji.

Kwa hiyo nasema: aina moja si sarafu ambayo ukiipoteza unapewa nyingine yenye thamani hiyo hiyo. Kila aina ni uhusiano, na uhusiano haujumlishwi kwa vidole.

Fomu yangu ilikuwa na mistari ya samaki wanaojulikana sokoni: changu, tasi, pono, chewa, kolekole, nguru, papa, taa, pweza. Chini kabisa palikuwa na mstari mmoja ulioandikwa "Wengineo". Wote wasio na bei walikwenda humo. Mwezi mmoja "wengineo" ni kilo 40, mwezi mwingine kilo 40. Ndani ya mstari huo aina nzima ingeweza kuondoka, na nyingine ikaingia, kilo zikabaki zile zile.

Siku moja Dokta alikuja na matokeo, akataka kuyasoma mbele ya wavuvi wenyewe. Akasoma. Nahodha mmoja mzee, babu wa watu, akanyoosha fimbo yake.

"Mjukuu wangu, hao wengineo ni kina nani?"

Dokta akanyamaza. Yule babu akaanza kuwataja mmoja mmoja, kwa majina, na majira yao, na mwamba walikokaa, na mwaka alioacha kuwaona. Alipofika kwa papa upanga, vijana waliokuwapo wakatazamana. Hakuna aliyewahi kumwona, na leo papa upanga wa aina zote wamo katika orodha ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka duniani. Daniel Pauly, mtaalamu wa uvuvi, aliliandika jambo hili mwaka 1995: kila kizazi huichukua bahari kama kilivyoikuta ujanani, kikadhani ndiyo bahari kamili, na kinapima upungufu kuanzia hapo. Baba anaona kimepungua kidogo, mtoto anaona kidogo, mjukuu kidogo, na hakuna hata mmoja anayeona kwamba karibu vyote vimekwisha. Babu yule alikuwa daftari la miaka hamsini ambalo hakuna fomu iliyolifungua.

Lakini nisimfanye babu malaika. Baada ya mkutano aliniita kando. "Mjukuu wangu, wewe ni mtoto wetu. Tukiandikwa samaki wengi, wanakuja na ushuru. Tukiandikwa wachache, wanatufungia bahari. Andika kwa akili."

Hapo ndugu msomaji ungefanyaje? Hofu yake si ya kitoto. Ameona namba zikipanda kwenda mjini na sheria zikishuka kuja dikoni, na katikati hakuna aliyemuuliza neno. Nilimwambia, "Babu, nitaandika nilichopima." Hakufurahi. Siku kadhaa nilimsalimu shikamoo akaitikia kwa taabu, na wajukuu zake ndio jirani zangu.

Kushawishika huko hakuko dikoni peke yake. Mwaka 1998 joto la bahari liliua matumbawe mengi, yakiwamo ya Bahari ya Hindi. Ripoti ya mtandao wa kimataifa wa wachunguzi wa matumbawe ya mwaka 2000 ilitaja asilimia 16 ya miamba ya matumbawe duniani. Ripoti ya mtandao huo huo iliyotoka mwaka 2021, yenye takwimu nyingi zaidi, ikataja asilimia 8 ya matumbawe. Anayetaka kutisha atabeba 16, anayetaka kutuliza atabeba 8, na wote wataapa kuwa wanatumia sayansi. Mwenye haki atasema kwanza kilichohesabiwa ni nini, kilihesabiwaje, na kwa nini namba ya pili inatofautiana na ya kwanza. Maneno hayo hayapendezi gazetini, lakini bila hayo namba ni kiraka tu cha kufunika nia ya mtu.

Hata utafiti ule wa 2014 ulijibiwa hivyo. Wataalamu wengine walisema kumbukumbu za namna ile hazitoki mahali palipoharibiwa zaidi, na kwamba nyingi ni za Ulaya na Marekani Kaskazini. Hebu litafakarini hilo. Dunia inapokadiria hali ya uhai wake, sisi huku ni "wengineo". Ndiyo maana sikukubali kuacha kalamu, wala sikukubali kuipinda. Bahari isiyohesabiwa haina wakili, na iliyohesabiwa kwa hila ina wakili mwongo.

Msimamo wangu basi ni huu. Kuhesabu ni kutoa ushahidi. Shahidi wa kweli hasemi "watu kumi walikuwapo" akakaa chini. Anasema ni nani na nani, anasema alisimama wapi na ni upande gani hakuuona. Na ushahidi wake anaurudisha kwa wale unaowahusu, wausikie kwa masikio yao kabla haujawa sheria juu ya vichwa vyao. Namba bila majina inaweza kuzika bila matanga. Majina bila namba nayo yanabaki hadithi za wazee, zinazosikilizwa kwa heshima na kuachwa pale pale barazani.

Tangu siku ile naandika majina nyuma ya fomu, kwa kalamu ya risasi, kama babu anavyoyataja. Hakuna aliyeniagiza. Dokta anasema kompyuta yake bado haina mahali pa kuyaweka, ila ameniomba nisiache. Babu naye amerudi kunitajia, ingawa bado ananitazama kwa jicho moja.

Wewe uliye kando ya Ziwa Nyasa au Rufiji, au huko bara ambako misitu ndiyo bahari yenu, waulize wazee wako nani alikuwapo ambaye leo hayupo, uandike jina lake. Na mwenye kuamini kwamba idadi ikitimia hakuna hasara, kurasa ni hizi hizi, karibu tujadiliane.