Shifa, Sababu na Mguu Usiohisi

Mwaka 2011, katika kijiji cha Samunge, wilaya ya Ngorongoro, Tanzania, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, aliyejulikana kote kwa jina la Babu, alichemsha mizizi ya mugariga, mti ambao watu wa pwani huuita mtandamboo, akawanywesha watu kikombe kimoja kwa shilingi 500, akisema kwamba Mungu ndiye aliyemwonyesha dawa hiyo ndotoni, na kwamba miongoni mwa maradhi yanayoondoka kwayo ni kisukari. Wakaja maskini na matajiri, mawaziri na makuli, Wakristo na Waislamu, hata magari yakapanga mstari wa kilomita nyingi katika njia ya vumbi.

Simkejeli marehemu, aliyefariki mwaka 2021, wala sina haki ya kupima nia za waliomwendea, maana mgonjwa aliyechoka halaumiwi kwa kutafuta. Ila wapo walioacha dawa zao za hospitali baada ya kunywa, wakidhani kwamba kuendelea nazo ni kumshuku Mwenyezi Mungu. Na dhana hiyo ndiyo ninayotaka kuijadili. Je, tawakuli ya kweli humtaka mja aziache sababu?

Ili kulijibu swali hilo, tuutazame mguu wa mgonjwa wa kisukari. Mfugaji wa kata ya Enguserosambu, katika wilaya hiyohiyo ya Ngorongoro, atembeaye na katambuga za mpira wa gari huchomwa na mwiba wa mgunga uliopenya soli. Aliye mzima huguta, hukaa chini, akaung'oa, akaendelea na safari yake. Lakini yule ambaye kisukari kimekwisha kuziua neva za nyayo zake huenda na mwiba ule mwilini hata jioni, na pengine asiujue mpaka usaha unuke. Tabibu Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake wameandika habari za wagonjwa wa namna hii waliotafunwa miguu na panya usiku, usingizini. Hayo maumivu tunayoomba kila siku yaondolewe ni neema kubwa, na aliyeyakosa hana budi kuazima macho ya watu wengine.

Balaa haliishii hapo, kwani sukari ikizidi damuni huzifanya chembe nyeupe, ambazo ndizo askari wa mwili, kuwa nzito na ajizi, zikachelewa kufika penye jeraha, na zikifika zikashindwa kuvimeza vijidudu. Kwa hiyo matabibu waliona vema kujaribu sindano ya kichocheo kinachouamuru uboho wa mifupa utoe chembe hizo kwa wingi. Jaribio la London lililochapishwa mwaka 1997, lenye wagonjwa 40, lilileta matumaini makubwa. Lakini majaribio 5 ya jinsi hiyo, yenye wagonjwa 167 tu kwa jumla, yalipokusanywa na kupimwa pamoja, haikuthibitika kwamba kichocheo kinaongeza idadi ya wanaopona maambukizi wala vidonda, ingawa waliokipata walikatwa viungo kwa uchache zaidi na kulazwa siku chache zaidi. Wala hakikutumiwa peke yake, bali pamoja na viuavijasumu na usafishaji wa kidonda.

Basi tabibu naye, baada ya kudunga sindano yake, hungoja shifa asiyoimiliki, kama alivyongoja Babu. Walipotofautiana ni hapa: matabibu waliwahesabu waliopona na wasiopona, kisha wakayatangaza hata yale yaliyowavunja moyo. Kuhesabu huko, kwa maoni yangu, ni sehemu ya ucha Mungu, kwa kuwa mwili ni amana, na mwenye amana huulizwa. Imani inayomkataza mja asitazame kidonda chake, kwa hofu kwamba kutazama ni kukufuru, haikujengwa juu ya msingi wowote niujuao.

Ewe msomaji mwenye mzazi anayeugua kisukari, mwombe akupe miguu yake kila siku, umulike nyayo na baina ya vidole, ukung'ute na viatu vyake kabla hajavivaa. Na uonapo lengelenge, wekundu au jeraha, hata kama haliumi, mpeleke hospitali, iwe ni ile ya Wasso huko Ngorongoro au iliyo karibu nawe, na dua mwombee njiani.