Je, Ni Kosa Kuiota Pikipiki?

Katika vijiji vya Kasongo na Kabambare mlio wa pikipiki husikika kabla pikipiki yenyewe haijaonekana. Watoto huacha mchezo wakasimama kando ya njia. Vijana huitambua kwa sauti tu, nao hubishana: hii ni TVS, hapana, ni Boxer. Wamo wasio na hata baiskeli, lakini wajua nguvu za kila injini, na gurudumu lipi lafaa kwa matope na lipi kwa mchanga. Tena kila mmoja anayo yake moyoni, ambayo angeinunua leo kama angepata fedha. Wazee wengine hukasirika, husema hiyo ni tamaa. Je, ni kweli? Mtu apendaye sana kitu asichokuwa nacho, amekosa?

Yafaa kwanza kutazama kile wanachokipenda. Wako wanaotaja, kuliko pikipiki mpya zenye kung'aa, ile Yamaha AG 100 ambayo misioni na watu wa afya waliitumia miaka mingi. Pikipiki ya namna hiyo ilibuniwa katika miaka ya 1970 kwa ajili ya wakulima na wafugaji wa Australia na New Zealand. Haina urembo wowote. Mnyororo wake umefunikwa wote, matope yasiuguse. Ina mahali pa kufungia mizigo mbele na nyuma. Ina miguu ya kuegemea pande zote mbili, ipate kusimamishwa hata penye mteremko. Kijana awezaye kueleza hayo hajatenda uovu. Ameona kazi njema ya akili na mikono ya watu, naye ameipenda. Kumkataza ni sawa na kumkataza asisifu mtumbwi uliochongwa vizuri.

Wala jambo hilo si jipya. Zamani za Tippu Tip, misafara ilipofika Kasongo kutoka Ujiji, watu walitamani kitambaa cha amerikani na bunduki. Wajukuu wao walitamani baiskeli. (Bunduki zile, kwa kweli, zilileta msiba kuliko pikipiki zote.)

Amri ya kumi haikatazi kupenda kitu kizuri. Yakataza kutamani mali ya mwenzako. Na iwe hivi: kijana ameota pikipiki miaka mitatu, na siku moja jirani yake anarudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Salamabila akiendesha pikipiki ileile. Hapo ndipo moyo hupimwa. Kama aliipenda pikipiki, atakwenda mbio kuitazama, ataomba kusikiliza injini, tena atafurahi kwamba chombo kama hicho kimefika kijijini, maana mama mwenye uchungu wa kuzaa hatabebwa tena mabegani mwa watu kwa kipoyi. Lakini kama usiku anaanza kunong'ona na kuuliza jirani ametumia dawa gani, basi miaka ile mitatu aliota kuonekana mkubwa mbele ya wengine. Pikipiki ilikuwa vazi tu la ndoto hiyo. Na maneno ya kunong'ona juu ya dawa yamekwisha kuvunja nyumba za watu.

Wako wasemao: aipate tu, tamaa itapoa. Si hivyo kila mara. Huko Uingereza T. E. Lawrence, askari na mwandishi, alimiliki pikipiki saba za Brough Superior, ambazo katika siku zile wapenzi wa pikipiki waliziota kupita zote, naye alikuwa akingojea ya nane. Mnamo Mei 1935 alikuwa akiendesha ya saba, akawaona ghafula vijana wawili wenye baiskeli mbele yake. Aliwakwepa, akaanguka, akafa baada ya siku sita. Saba hazikumtosha, lakini katika dakika ile hakuchagua pikipiki.

Kinyume chake ni habari ya Soichiro Honda wa Japani. Mwaka 1946, nchi yake ikiwa imeharibiwa na vita, alitwaa injini ndogo ya mtambo wa umeme wa jeshi akaifunga kwenye baiskeli. Husimuliwa kwamba mkewe, Sachi, alikuwa akienda mbali kwa baiskeli kutafuta chakula, na mume alitaka kumpunguzia taabu. Mwaka 1949 kiwanda chake kilitoa pikipiki kamili, ikaitwa Dream, maana yake Ndoto.

Basi, huyo mchimbaji amesimama sokoni Kasongo, fedha ya dhahabu i mkononi. Paa la mama yake linavuja, na mdogo wake wa kike hajalipiwa shule. Husema moyoni: nitabeba abiria, magunia ya mchele na mitungi ya mawese, na fedha itarudi. Hoja hiyo si ya uongo. Nyumba nyingi hula kwa kazi ya pikipiki. Lakini mara nyingi moyo huamua kwanza, na sababu hutafutwa baadaye. Atazame basi anyoosha mkono wapi. Anayetaka kazi huchagua pikipiki ambayo vipuri vyake vyapatikana palepale sokoni, na ambayo fundi wa kijijini aweza kuifungua. Anayetaka sifa huchagua ile ambayo hakuna mwingine aliye nayo, hata kama kifaa kimoja kikivunjika italala chini ya mwembe hadi kiangazi kingine. Tena kabla fedha haijatoka mkononi, mdogo wake yule anapaswa kuulizwa, kwa maana ada ya shule yake imo ndani ya bei.