Maendeleo Yasiyohitaji Kificho

Ndugu zangu, lipo jambo tunalolizungumza barazani kwa sauti ya chini, nalo lastahili kusemwa waziwazi. Tangu barabara za lami zifike Paje, Jambiani, Michamvi na Makunduchi, ardhi yetu imepanda thamani kuliko alivyowahi kuwaza mzee yeyote. Maweni ambayo zamani tuliyaona hayafai ila kwa kuni na mtama, leo dalali anayapima kwa hatua na kuyatangaza kwa fedha za kigeni. Vichaka vinafyekwa, kuta zinapanda, na katika vichaka hivyohivyo wanaishi viumbe ambao Mwenyezi Mungu hakuwaweka mahali pengi duniani. Tufanyeje? Swali hili ni la mwenendo kabla ya kuwa la sheria. Ndiyo maana naliweka mbele yetu sisi wenyewe, wenye mashamba na wenye vijiji, kabla ya kumnyooshea kidole mgeni yeyote.

Tuanze kwa kumpa mwanadamu haki yake. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar; ya 2022 ikakuta 1,889,773. Wote hao wanahitaji pa kulala, maji ya kunywa na skuli ya kupeleka watoto. Kijana anayetaka kuoa anahitaji kiwanja. Mama aliyechoka na bei ndogo ya mwani ana haki ya kutafuta riziki kwenye jiko la hoteli. Anayewataka watu hawa wavumilie umasikini ili msitu upendeze machoni pake, anawatwika mzigo ambao yeye mwenyewe hajaubeba. Kujenga si aibu. Kupokea mwekezaji kwa njia ya halali si aibu. Riziki ni haki, na Mungu hakutuweka katika ardhi hii ili tuitazame tu.

Lakini haki haiishii kwetu. Kima punju, yule mwenye mgongo mwekundu na nywele nyeupe zilizosimama kuuzunguka uso, ni wa visiwa hivi peke yake. Hesabu ya kina iliyofanywa katika miaka ya 2010 ilikadiria kwamba wamebaki kati ya 5,000 na 6,000 tu. Paa nunga naye, nje ya Unguja, amesalia katika misitu michache ya pwani ya Kenya. Tunayo Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004, yenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 50, na mwaka 2016 UNESCO iliitambua kuwa hifadhi ya bayosfia. Ni jambo la kujivunia. Hata hivyo, mpaka wa hifadhi tumeuchora sisi. Kima wengi wanakula na kulala nje yake: kwenye mikoko ya Uzi, kwenye miembe na mikungu ya mashamba yetu, kwenye maweni ambayo dalali ameshayapima. Maisha yao yanamtegemea mwenye shamba kama yanavyomtegemea mlinzi wa hifadhi.

Tukumbuke pia kwamba ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma chini ya usimamizi wa Serikali. Tulichonacho sisi ni haki ya kuitumia, pamoja na miti tuliyoipanda au kuirithi. Basi kila mmoja wetu amewekewa amana, na mwenye amana huulizwa namna alivyoitunza.

Kosa letu liko wapi, basi? Mimi naliona katika kificho. Mwenye haja ya kweli huja kwa sheha mchana, akaeleza anachotaka kujenga na mahali anapotaka kujenga, akasikiliza atakayoambiwa. Mwenye tamaa hukata usiku. Hukitia moto kichaka wakati wa kiangazi, kisha humwambia mnunuzi kwamba hapa ni pori tupu, hapana kitu. Hupakia mkaa kabla ya alfajiri na kusema ni njaa iliyomtuma, hali fedha ameshaziahidi kwa pikipiki ya pili. Wengine wetu tunalisha matanuri ya chokaa kwa miti mibichi, tukijua kwamba maweni yana udongo haba uliojificha kwenye mianya ya mawe, na kwamba mti ukishaondolewa hapo, wa kushika nafasi yake huchukua miaka mingi. Kila mmoja hujitetea kwamba kipande chake ni kidogo. Bandu bandu huisha gogo, na gogo hili halina aliyekiri kulibandua.

Kificho hicho kinavaa kanzu pia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2015 inaitaka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa. Tathmini iliyoandikwa na mtu ambaye hakuyakanyaga mawe yale ni ushahidi wa uongo, hata ikipigwa mihuri mitatu. Na sisi tunaoitwa kwenye mkutano wa kutoa maoni, tukanyamaza kwa sababu tumeahidiwa kazi ya ulinzi getini, tumeutia saini uongo huo kwa ukimya wetu.

Jirani wa kificho ni usingiziaji. Tumerithi maneno kwamba mti anaoukalia kima punju hufa, na mbwa akila nyama yake hunyonyoka manyoya. Tukaongeza kwamba anamaliza nazi zetu. Katika miaka ya 1990 watafiti Kirstin Siex na Thomas Struhsaker waliyachunguza mashamba yaliyo kando ya Jozani. Wakakuta kwamba pale kima walipokula vidaka vingi, mavuno ya nazi hayakupungua. Yalielekea hata kuwa mazuri zaidi, kwani mnazi hauwezi kuvikomaza vidaka vyote unavyovitoa. Sisemi kwamba mwenye shamba hana hasara. Wapo wanaoumia, nao wasikilizwe. Nasema kwamba kuitaja hasara kwa kadiri yake ni uadilifu, na kuikuza ili tupate sababu ya kufyeka ni dhuluma kwa kiumbe asiye na ulimi wa kujitetea. Kima hawa wamejitahidi kuishi nasi. Wanaookota vipande vya mkaa kwenye majiko yetu huvila ili kutuliza ukali wa majani ya mwembe na mkungu. Wao wameshajifunza ujirani.

Uadilifu huohuo uwabane na wanaohifadhi. Sehemu ya viingilio vya watalii Jozani imekusudiwa vijiji vinavyoizunguka hifadhi na wakulima ambao mashamba yao huwalisha kima. Mpango huo ni wa haki, na haki hiyo hukamilika pale tu hesabu inaposomwa hadharani. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mkulima aliyewalisha kima mwaka mzima, akawa anaona mabasi ya watalii yakipita mbele ya mlango wake, asipopewa chake kwa wakati atamchukia mnyama kwa kosa la binadamu. Na mlinzi anayemkamata bibi kizee mwenye mzigo wa kuni, kisha akalifumbia macho lori la mkaa, amewafundisha wanakijiji kwamba uhifadhi ni jina lingine la uonevu. Hatuwezi kudai ukweli kwa mwenye panga tu, tukamsamehe mwenye kalamu.

Wala tusidhani kwamba nia njema peke yake yatosha. Kule Bara, kwenye korongo la Mto Kihansi katika milima ya Udzungwa, taifa lilihitaji umeme, na haja hiyo ilikuwa ya kweli. Mwaka 1996, kazi ya bwawa ikiwa imeshaanza, ndipo wataalamu walipomtambua chura mdogo wa rangi ya dhahabu, anayezaa watoto badala ya kutaga mayai, aliyeishi katika manyunyu ya maporomoko yale na si kwingineko. Mitambo ya megawati 180 ilipoanza kazi mwaka 2000, maji yakaelekezwa huko na manyunyu yakapungua mno. Yakatandazwa mabomba ya kunyunyizia, kisha maradhi ya ukungu nayo yakaingia, na mwaka 2009 chura yule akatangazwa kutoweka porini. Alinusurika kwa sababu baadhi yao walikuwa wamepelekwa kulelewa katika bustani za wanyama za Marekani. Mwaka 2012 wakaanza kurudishwa korongoni. Hakuna aliyekusudia kumwangamiza. Lakini aliyeuliza aliuliza zege likiwa limeshaanza kumwagwa, na gharama ya kutengeneza ikawa kubwa kuliko ambavyo ingekuwa ya kuchunguza mapema. Nia iliyo safi huuliza kwanza.

Tukiuliza kwanza, ndugu zangu, tutaona kwamba mara nyingi hatulazimiki kuchagua kati ya nyumba na kima. Kiwanja kilichokwisha fyekwa kijengwe kabla ya kichaka kipya kuguswa. Panapojengwa, ibakizwe miti iliyoshikana, ili mnyama apite kutoka msitu mmoja kwenda mwingine bila kukanyaga lami. Tulisoma chuoni habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimpe chakula wala asimwache akajitafutie. Sisi tunapoujengea msitu kuta pande zote, tukawaacha walio ndani wakiisha kwa njaa, tuna udhuru gani kumzidi mwanamke yule? Barabarani tunapopita Jozani, matuta yaliyowekwa yamepunguza vifo vya kima; dereva anayeyakwepa kwa kuwahi dakika mbili ajue anachokiwahi. Kwa kuni na majengo tupande mivinje, ili shoka letu lipate pa kwenda bila ya kuingia maweni. Na kila uwanja unaoombwa, habari yake isomwe katika mkutano wa shehia, wanawake na vijana wakiwepo, bei na mnunuzi vikatajwa mbele ya wote.

Tusijidanganye kwamba viumbe hawa wataendelea kuwepo hata tukiwafanyia lolote. Unguja ilikuwa na chui. Babu zetu walimwogopa, wakamhusisha na uchawi, wakamwinda, na leo tunabishana kama amebaki hata mmoja. Hapana anayejua siku alipovuka kutoka kuwa adimu hadi kuwa hadithi, kwa sababu hapana aliyekuwa akihesabu, na kila aliyeua alidhani wako wengine. Watoto wetu wasirithishwe ubishi kama huo juu ya kima punju. Fedha ya kiwanja huisha. Jina la kizazi kilichomaliza amana hubaki likitajwa, na haya yake hawaibebi waliofanya tu, wanaibeba na waliozaliwa nao.

Kwa hiyo nakunasihi nawe, ndugu yangu, kama ninavyojinasihi nafsi yangu. Kabla hujatia saini, kabla hujatuma watu na mapanga, lieleze jambo lako mbele ya jirani yako, mbele ya sheha na mbele ya wanao: unauza nini, kwa nani, kwa bei gani, na nani anaishi mahali hapo. Ukiweza kulisema lote bila kumeza neno, jenga, na Mungu akubarikie nyumba yako. Ukijiona unaficha hata moja katika hayo, ahirisha, mpaka upate njia ambayo huhitaji kuificha.