Mchezaji Haondoki Juni

Wanangu mnaokaa kwenye kamati za usajili, nimekuja kuketi nanyi. Sikuja kugombana, maana nguvu za kugombana nimeshaziacha njiani, na haya nitakayoyasema niliwaambia waliokalia viti hivyo kabla yenu, wengine wametangulia mbele ya haki. Nayarudia kwa sababu kila msimu ukiisha naona mambo yale yale: simu za usiku wa manane, mawakala wakipishana kwenye korido za hoteli, na shabiki akiikanyaga jezi ya kijana ambaye mwezi mmoja nyuma alikuwa akiliimba jina lake.

Tazameni hii njia ya kutoka Msimbazi kwa Simba kwenda Jangwani kwa Yanga. Mwaka 2023 Jonas Mkude, kijana aliyekulia Simba tangu timu ya vijana, aliivuka. Mwaka 2024 mkataba wa Clatous Chama ulikwisha, na Julai ilipoingia tu akatambulishwa Yanga. Mwaka 2025 ikawa zamu ya nahodha mwenyewe, Mohamed Hussein, huyo mnayemwita Tshabalala. Aliingia Simba 2014 akitokea Kagera Sugar. Alikuwepo kwenye mataji manne mfululizo ya ligi, kuanzia 2017/18 hadi 2020/21. Alikuwepo klabuni kwenye machungu ya kufungwa 5-1 na Yanga, Novemba 2023. Alikuwepo timu ilipofika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2025 na kombe likachukuliwa na RS Berkane. Miaka kumi na moja. Mkataba ukaisha, naye akavaa kijani na njano.

Simhukumu yeyote kati ya hao watatu. Kila mmoja alikuwa na yake, na mpira ndiyo kazi yao, ndiyo ada za shule za watoto wao. Lakini njia ikipitwa mara tatu kwa miaka mitatu, mwenye shamba hana budi kwenda kuuangalia ua wake. Wala wenzetu wa Jangwani wasicheke. Desemba 2022 Feisal Salum aliingiza fedha kwenye akaunti ya klabu ili auvunje mkataba wake, na mvutano ule ukaendelea nusu mwaka, hadi Juni 2023 Rais Samia, katika hafla ya kuipongeza Yanga pale Ikulu, akawaomba viongozi walimalize. Fei akaenda Azam. Nililisikia lile nikainamisha kichwa. Jambo la kuzungumzwa na watu wanne mezani lilifika kwa mkuu wa nchi.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo penyewe. Mnasema mchezaji ameondoka Juni. Mchezaji haondoki Juni. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji aliyebakiza miezi sita au pungufu yuko huru kuzungumza na kusaini na klabu nyingine. Mkataba unaokwisha 30 Juni, mlango wake unafunguka Januari mosi. Hiyo Januari ninyi mko wapi? Mko Zanzibar na Kombe la Mapinduzi, mko kwenye dirisha dogo mnamtafuta mshambuliaji mpya kutoka nje, mnapiga picha uwanja wa ndege. Yule beki wenu anayamaliza mazoezi, anaoga, anarudi nyumbani, na hakuna aliyemwambia neno. Anakaa Februari. Machi wakala wake anampigia simu: kuna watu wanakuulizia. Aprili mke wake anamuuliza kama wahame nyumba. Mei ndipo mnamwita, mmebeba karatasi, mnatabasamu. Mwanangu, huyo mtu mliyemwita Mei alishaondoka. Mwili wake tu ndio uliokuja kwenye kikao.

Zamani mlango huo haukuwepo. Klabu ilimshika mchezaji hata mkataba wake ukiisha, kama mbuzi aliyefungwa kigingini. Kamba imeoza lakini hatoki mpaka mwenye mbuzi alipwe. Mbelgiji mmoja, Jean-Marc Bosman, mkataba wake na RFC Liège ulikwisha 1990, akataka kwenda Dunkerque huko Ufaransa, wakamzuia. Akaenda mahakamani. Tarehe 15 Desemba 1995 Mahakama ya Ulaya ikaamua kwamba mkataba ukiisha, mtu ni huru. Ujana wake wa kucheza uliishia kwenye kesi ile. Upepo wa hukumu hiyo umevuma hadi kwetu, na mimi naona ni haki. Lakini klabu zetu zinaishi kama vile kigingi bado kipo.

Nitawaambia jambo langu mwenyewe, ambalo silipendi. Niliwahi kuketi kwenye kamati kama yenu, miaka mingi iliyopita, katika klabu nisiyotaka kuitaja. Tulikuwa na beki wa kati, mtu wa miraba minne, mpole, asiyekosa mazoezi. Goti lake lilikuwa limeanza kumsumbua, na kwenye kikao tulikubaliana kwamba hatutamwongeza mkataba. Uamuzi ulikuwa sahihi, hata leo ningeufanya. Tukaulizana nani amwambie. Mwenyekiti akasema katibu, katibu akasema kocha, kocha akasema yeye hakumsajili. Nami nilikuwepo, nikanyamaza. Wiki mbili baadaye jina lake lilisomwa redioni katika orodha ya walioachwa. Alikuwa kwa kinyozi, amefungwa shuka shingoni, watu wamejaa.

Baada ya zaidi ya miaka ishirini tulikutana mazikoni. Akanisogelea, akaniamkia shikamoo kwa adabu zote, akanishika mkono muda mrefu. Kisha akasema, "Mzee, mngeniambia tu." Hakuongeza lingine. Nimezika wengi tangu siku ile, na kila nikisimama makaburini sauti yake hunijia.

Kwa hiyo sisemi kila mtu abakishwe. Huo nao ni ugonjwa. Kuna klabu inamwongeza mkataba mkongwe wa miaka thelathini na minne kwa kuogopa kelele za matawini, halafu inamweka benchi, inamlipa mshahara wa mtu wa kikosi cha kwanza, na kijana wa miaka kumi na tisa anaozea kwa mkopo mikoani. Mwenye kuamua awe kocha pamoja na daktari, wakiwa na rekodi ya mechi na majeraha mbele yao, si msemaji wa klabu na kipaza sauti chake. Na wageni nao mnawajua; nafasi zao zina kikomo, kila mnayemwongeza bila kufikiri amemzibia mwenzake.

Kumwachia mtu kwa wakati wake si dhambi. Yanga 2023, baada ya kulikosa Kombe la Shirikisho kwenye fainali mbele ya USM Alger kwa kanuni ya bao la ugenini, ilimuuza Fiston Mayele kwa Pyramids ya Misri. Mayele alikuwa ametoka kufunga mabao 17 ya ligi! Watu wakalia. Lakini aliuzwa akiwa bado na mkataba, klabu ikapata chake, na msimu uliofuata Stephane Aziz Ki akafunga 21, ubingwa ukabaki Jangwani, na timu ikafika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. Mchezaji akiondoka huru hakuna ada ya uhamisho. Hata timu ndogo iliyomlea utotoni, ambayo hugawiwa fungu katika ile asilimia tano ya ada, inatoka mikono mitupu pamoja nanyi. Kuchelewa kwenu kunamnyima na maskini.

Na karatasi, wanangu, karatasi. Mwaka 2020 Yanga ilisema Bernard Morrison ameongeza mkataba, mwenyewe akasema hajaongeza. Shauri likaenda TFF, likavuka bahari hadi mahakama ya michezo, CAS, kule Uswisi, na Yanga haikushinda. Kusaini si kupeana mikono mbele ya kamera. Muiteni mwanasheria, msome kila ukurasa, mchezaji naye apewe nakala yake siku hiyo hiyo, kwa lugha anayoielewa.

Mlipeni pia. Sisi tulilelewa kwamba kibarua hulipwa kabla jasho lake halijakauka. Kanuni za FIFA nazo zinamruhusu mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili auvunje mkataba, akishaandika barua ya kudai na kuwapa siku kumi na tano. Mnamdai uaminifu mtu anayewadai ninyi?

Kuna hili la matusi, nalo linanichosha kuliko yote. Mchezaji akihama, anaitwa msaliti, mama yake anatukanwa, na viongozi wanakaa kimya kwa sababu kelele zile zinaficha uzembe wao. Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Chama aliondoka kwenda Berkane 2021, na Januari 2022 mlikuwa mnampokea tena Simba kwa ngoma. Morrison yule yule wa kesi, 2022 alirudi Jangwani, akavishwa jezi, akapigwa picha. Na wale vijana waliobaki kambini wanasikia. Kila neno mnalomrushia aliyeondoka, wanajua siku moja litakuwa lao, na wanapoitwa kusaini wanalikumbuka.

Nimechoka, lakini sijakata tamaa nanyi. Nimeuona mpira huu tangu enzi za kuifuata timu kwa treni hadi Mwanza, Nyamagana, mwaka 1974, watu wazima wakilia hadharani kwa ajili ya mchezo. Mapenzi hayo hayajapungua, nayaona kwa wajukuu zangu. Kinachokosekana ni mtu mmoja wa kuinua simu mapema.

Basi nawaombeni. Chukueni orodha ya wote ambao mikataba yao inakwisha Juni ijayo. Waiteni mmoja mmoja kabla Desemba haijatoka. Mnayemtaka, mwambieni kiasi mlicho nacho na miaka mnayompa, asikie kwenu kabla hajasikia kwa wakala. Msiyemtaka, mkaribisheni aketi, mpeni maji, mwambieni uso kwa uso, na mlipeni deni lake siku hiyo. Kama mtaulizana nani amwambie, nitumieni mimi. Nitakwenda.