Je, Yatosha Mpimaji Kujitoa?

Wahenga walituusia tusimpe ngedere kesi ya nyani. Sisi walimu twaujua ukweli huo kila tusahihishapo insha: jina likiwa juu ya karatasi, mara nyingi moyo huwa umekwisha kuhukumu kabla jicho halijasoma. Lakini je, ngedere akijitoa barazani, haki imekwisha kupatikana?

Na tuutazame mfano wa Uswidi. Mwaka 1995 watafiti 114, wanaume 62 na wanawake 52, waliomba nafasi 20 za ufadhili kwa Baraza la Utafiti wa Tiba la nchi hiyo. Wanaume 16 walifaulu, na wanawake 4. Wanasayansi wawili, Christine Wennerås na Agnes Wold, walitaka kuziona alama walizotoa wapimaji. Wakanyimwa, wakaenda mahakamani, wakashinda.

Waliyoyagundua yalichapishwa katika jarida la Nature mwaka 1997. Ili mwanamke apewe alama ya uwezo sawa na ya mwanamume, ilimpasa awe na kazi zilizochapishwa zenye uzito wa mara 2.5. Tena, mwombaji aliyehusiana na mjumbe wa kamati alipata nyongeza. Nasi hapa ndipo tunaposhangaa: mjumbe huyo hakuruhusiwa kumpima mtu wake. Waliompandisha ni wenzake, waliohesabiwa kuwa hawana upande!

Mwaka 2008 watafiti wengine walichapisha uchunguzi wa maombi mapya nchini humo. Safari hii wanawake hawakupunjwa. Lakini nyongeza ya wenye jamaa katika kamati ilikuwapo bado.

Kwa nini? Kwa maoni yetu, adui hapa si uovu, bali ni muhali. Mwenzetu akitoka chumbani, kiti chake husalia, nasi twaona haya kukiudhi. Heshima hiyo, iliyo njema nyumbani, hugeuka dhuluma kwa mgeni asiye na mtu barazani.

Kuficha majina husaidia, lakini si daima, maana kazi za mtafiti humtambulisha. Hapana budi, basi, kila alama iandikiwe sababu yake, na aliyeshindwa aruhusiwe kuisoma. Haki ya Uswidi haikudhihirika kwa wema wa wapimaji, bali kwa karatasi kufunguliwa.

Ndugu walimu, tuanze na kalamu zetu nyekundu. Je, maneno tuyaandikayo pembeni mwa insha twaweza kuyasoma kwa sauti mbele ya mwanafunzi tuliyemwangusha?